Matete yaliyoachwa yarefuke: uchambuzi wa kisa cha mafunzo ya malisho kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa

Kwa misimu miwili mfululizo tuliwafundisha wafugaji wa ushirika mmoja wa maziwa jambo lile lile: kateni matete yakiwa bado machanga. Walisikiliza, wakaandika, wakasaini orodha ya mahudhurio, kisha wakarudi nyumbani na kuyakata yakiwa yamewapita kimo. Ofisini tulisema wafugaji ni wagumu kubadilika. Nilikuwa mmoja wa washauri watatu wa huduma hiyo, na maneno hayo niliyasema na mimi. Hapa naeleza jinsi tulivyotambua kwamba tatizo halikuwa ugumu wao, tulichobadilisha, na makosa mapya tuliyoyafanya, moja likiwa zito.

Majina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mfugaji au ushirika nimeviondoa.

## Usuli

Wanachama wengi walikuwa na ng'ombe mmoja hadi watatu, wakiwalisha bandani: majani yanakatwa shambani, yanabebwa, yanawekwa horini. Mitamba ilitolewa kuchunga kwenye vipande vidogo vya nyasi, lakini maziwa yalitegemea kilichobebwa. Zao kuu la malisho lilikuwa matete, ambayo wengine huyaita majani tembo au mabingobingo. Kaya chache zilikuwa na nyasi za Rhodes, na kwenye mipaka ya mashamba kulikuwa na lukina, mti wa malisho, iliyokatwa mara moja moja. Mvua ikinyesha malisho yalizidi uwezo wa ng'ombe. Kiangazi kikishika, watu walitembea mbali kutafuta chochote cha kijani.

Thamani ya matete iko kwenye umri wake. Yakiwa na kimo cha mita 1 hivi, yaani wiki 6 hadi 8 baada ya kukatwa wakati wa mvua, yana majani mengi na bua laini. Yakiachwa, uzito shambani unaongezeka, ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni bua. Protini inashuka, na ikienda chini ya asilimia 7 hivi ya chakula kikavu (chakula ukiondoa maji yake), vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyuzinyuzi vinakosa cha kuvilisha. Ng'ombe anakula kidogo, anacheua kwa muda mrefu, na maziwa yanapungua ingawa hori limejaa. Haya yote tuliyafundisha, kwa michoro mizuri na lugha rahisi, na bado naamini yalifundishwa vizuri.

Kitu ambacho hatukukipigia hesabu mbele ya wafugaji ni mzigo. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12. Matete mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kikavu ni kama asilimia 15 hadi 20 tu. Kilo 12 hizo zikitoka kwenye matete peke yake ni kilo 60 hadi 80 za majani mabichi, kwa ng'ombe mmoja, kila siku ya Mungu. Na kadiri yanavyokuwa machanga ndivyo maji yanavyozidi. Kwa hiyo tuliposema "kateni machanga", tulikuwa tunamwagiza mtu fulani abebe mizigo mingi zaidi, na mtu huyo hakuwa ukumbini.

Mafunzo yenyewe yalikuwa semina ya siku moja, mara mbili kwa mwaka, tarehe zikipangwa kufuata bajeti. Walioalikwa ni wanachama waliosajiliwa, ambao wengi wao ni wenye ng'ombe kwa jina. Mafanikio tuliyapima kwa idadi ya waliohudhuria.

## Asubuhi moja shambani

Nilifika kwenye kaya moja kabla ya saa moja asubuhi kwa sababu nyingine kabisa: kulikuwa na ndama anayehara. Mwenyeji, aliyehudhuria semina zetu zote, alikuwa ameshaondoka. Shambani walikuwepo mkewe na kijana wa kazi.

Kijana alizipita safu za matete yaliyokuwa yanafika kiunoni, majani mapana, yamelowa umande. Akaenda hadi mwisho wa shamba kwenye yale yaliyomzidi kimo, bua nene kama kidole gumba, majani ya chini yakiwa yamekauka na kuwa rangi ya karatasi. Panga lilipiga mara chache tu, fungu likajaa, akalifunga kwa kamba ya katani. Nikamuuliza kwa nini ameziacha zile nzuri.

"Mwalimu, haya mafupi nitakata mpaka saa tatu na mzigo haujajaa," akasema. "Marefu nakata kidogo tu, nafunga, nakwenda. Nina maji ya kuchota bado."

Mama mwenye nyumba alikuwa nyuma yetu na ndoo ya kukamulia. Akaongeza: "Na hayo mafupi tunayaacha makusudi. Yakirefuka ndiyo chakula cha kiangazi. Tukiyamaliza sasa, mvua ikikata ng'ombe atakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la semina, lakini halikumhusu. Akiba yake ilikuwa imesimama shambani, na mimi kwa misimu miwili nilikuwa namwambia aile.

Tulirudi bandani. Horini kulikuwa na masazo ya jana jioni: mabua matupu, marefu, yamelambwa majani yote. Kijana aliyakusanya akayatupa kwenye lundo la samadi, kama anavyofanya kila asubuhi. Niliomba yasitupwe. Tukayapima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile inayotumika kupimia magunia, na fungu jipya nalo tukalipima kabla halijaingia. Mama alitazama mshale wa mizani, akatazama lundo la samadi, kisha akamwuliza kijana, "Hivi haya ndiyo unayobeba kutoka kule mtoni kila siku, halafu tunayatupa?" Swali hilo lilifanya kazi kuliko michoro yetu yote.

## Maamuzi na sababu zake

Tulisitisha semina iliyokuwa imepangwa. Badala yake tulitumia wiki mbili kutembelea kaya 12 asubuhi, wakati wa kukata, bila kufundisha chochote. Uongozi wetu haukufurahi, kwa sababu wiki mbili hizo hazikuwa na orodha ya mahudhurio. Tuliwaonyesha mabua.

Tulichokikuta kilifanana sana na asubuhi ile. Mkataji hukata yaliyozeeka kuliko yote, na wakati anayamaliza, yanayofuata nayo yanazeeka. Kwa mwendo huo kaya inalisha matete yaliyokomaa mwaka mzima, ingawa shamba lake lina machanga kila siku. Hakuna aliyefanya hivyo kwa kutojua. Wengi walitutajia wenyewe kwamba maziwa huongezeka wakilisha machanga.

Uamuzi wa kwanza, na ambao ningeurudia kesho, ulikuwa kuanza na hifadhi kabla ya ukataji. Mtu hawezi kuacha akiba ya zamani mpaka aione ya mpya. Tukaamua kwamba somo la kwanza litakuwa sileji (majani yaliyochachushwa ndani ya mfuko usioingiza hewa) na hei (majani yaliyokaushwa), na neno "kata mapema" halitatoka vinywani mwetu mpaka kila kaya iwe na angalau mfuko mmoja uliofungwa. Mwenzetu mmoja alipinga: alisema tunaanza na jambo gumu na kuacha jepesi. Alikuwa na hoja, na baadaye tuliiona.

Wa pili, tulimwalika mkataji. Mwaliko ulisema wazi: aje anayeshika panga, awe mama, kijana wa kazi au mtoto mkubwa, na mwenye ng'ombe akaribie naye akipenda. Tuliunda vikundi 4 vya kaya 8 za majirani, tukutane shambani kila baada ya wiki mbili, kuanzia mwanzo wa mvua hadi kiangazi kiishe. Njia hii ya kujifunza shambani kwa msimu mzima si mpya. Shamba darasa lilianza kwenye mpunga nchini Indonesia mwaka 1989, kwa sababu ile ile, kwamba mkulima anaamua mbele ya mmea na si mbele ya ubao. Gharama yake ni kwamba washauri watatu hawawezi kufikia watu wengi. Tulikubali kaya 32 badala ya ukumbi uliojaa, na tulijua kuna wanachama watakaotulalamikia. Walilalamika.

Wa tatu ulihusu mpangilio wa shamba. Kama matete yanahitaji wiki 8 kurudi kwenye kimo cha kukatwa, shamba likigawanywa vitalu 8, kila kitalu kinalisha wiki moja, na ukifika cha mwisho cha kwanza kiko tayari. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unaonyesha ziada kwa macho. Mvua ikiwa nzuri, kitalu cha mbele kinafikia mita 1 kabla zamu yake haijafika. Hicho ndicho cha kusindikwa. Hakuna hesabu inayotakiwa. Mkataji anaona kitalu kimewahi, anasema kimewahi.

## Mwendo wa msimu

Tulikata fimbo 32 na kuzitia alama mbili za moto, moja kwenye mita 1 na nyingine kwenye sentimita 10. Alama ya juu inasema kitalu kimeiva kukatwa; ya chini inaonyesha kisiki kibaki kiasi gani ili mmea uchipue kwa nguvu. Vijana waliipenda ile ya chini kuliko tulivyotarajia. Wengi walikuwa wakikata usawa wa ardhi, wakiamini hapo ndipo usafi wa shamba, na walipoona wenyewe kisiki kirefu kidogo kinachipua mapema kuliko kilichokatwa usawa wa ardhi, walianza kusahihishana bila sisi. Baada ya kila mkato samadi ilirudishwa kwenye kitalu kilichokatwa, kwa sababu matete hula rutuba kwa pupa na shamba lisilorudishiwa hudhoofika mkato baada ya mkato.

Sasa nije kwenye sileji. Mara ya kwanza tuliharibu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kikundi kilikuwa kimeshakusanyika, mifuko ilikuwa imenunuliwa, na tuliona aibu kuahirisha. Tulikata matete yakiwa yamelowa, tukayakatakata vipande vya sentimita 2 hadi 3 kama inavyotakiwa, tukachanganya molasi kwa kuwa matete hayana sukari ya kutosha kuchachuka vizuri peke yake, tukashindilia kwa miguu na kufunga. Tulipofungua baada ya mwezi, mfuko wa kwanza ulitoa maji meusi na harufu ya kuoza. Wa pili ulikuwa na ukungu upande mmoja: panya alikuwa ametoboa. Kati ya mifuko 6, tuliyoweza kulisha ni 2.

Siku hiyo ilikuwa ngumu. Mama mmoja mzee alisema kwa upole, "Mwanangu, ingekuwa imesimama shambani ningekuwa nayo." Alikuwa sahihi kabisa. Tulilipia mifuko ya kurudia wenyewe, kutoka fungu la huduma, na tulisema mbele ya kikundi kizima kosa lilikuwa nini: tulitakiwa kuyaacha matete yanyauke nusu siku hadi siku nzima juani kabla ya kuyakatakata, na kuiweka mifuko juu ya vichanja ambako panya hafiki. Mara ya pili mifuko ilifungwa siku ya jua. Ilifunguliwa ikiwa na rangi ya manjano ya mzeituni na harufu kali kidogo, tamu, kama togwa lililochachuka. Ng'ombe wa kwanza kupewa alisita, akanusa, kisha akalamba hori mpaka chini. Hakukuwa na masazo ya kupima.

Kwenye Rhodes kazi ilikuwa nyepesi na sina mengi ya kusema. Ilikatwa ilipoanza kutoa maua, ikaanikwa, ikafungwa kwa kushindiliwa ndani ya kasha la mbao.

Tulijaribu pia kupanda desmodiamu katikati ya safu za matete, kwa kuwa ni mkunde, huongeza protini horini na nitrojeni ardhini. Kwenye kaya tatu ilipaliliwa yote. Vijana wa kazi waliichukulia kuwa magugu yanayotambaa, na walipalilia kwa bidii. Hatukuwa tumewaonyesha mche wake hata mara moja. Tuliwaeleza wenye shamba.

Kosa zito lilikuwa la vipando. Kitalu chetu cha mfano kilikuwa kinapendeza, na kila aliyetaka alichukua vipando vyake bure. Baada ya mkato wa pili, baadhi ya mashina kwenye kitalu hicho yalichipua hovyo: vichipukizi vingi, vifupi, majani madogo ya njano. Huo ni ugonjwa wa kudumaa kwa matete, unaosababishwa na vimelea vya fitoplasma vinavyoenezwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu na pia kwa vipando vyenye maambukizi. Ubaya wake ni kwamba shina huweza kuonekana zima hadi likatwe. Dalili hujitokeza linapochipua upya. Hauna dawa ya shambani. Tulikuwa tumegawa vipando kabla kitalu hakijakatwa hata mara moja. Tulizifuata kaya zote zilizochukua, tukang'oa nao mashina yaliyodumaa, na kwenye kaya mbili tulikuta ugonjwa umeshafika kwenye safu zao za zamani.

## Matokeo

Kiangazi kilipofika, kaya zaidi ya nusu ya zile 32 zilikuwa na sileji au hei ya kutosha kusukuma wiki kadhaa, na kwenye kaya hizo ndiko fimbo ilikotumika kweli. Ambazo hazikufanikiwa kuhifadhi chochote, nyingi zilirudi kwenye kuacha matete yasimame, na sikuona sababu ya kuzilaumu.

Maziwa hayakuruka wakati wa mvua kama tulivyokuwa tumejiahidi. Tofauti ilionekana kiangazi: kwenye kaya zenye akiba, mkamuo ulishuka polepole badala ya kuanguka. Siwezi kusema yote ni kwa sababu ya malisho, maana baadhi yao walinunua pumba na mashudu zaidi mwaka huo. Masazo ya horini yalipungua kwa kila aliyefuata vitalu. Hilo tulilipima kwa mizani, kaya kwa kaya. Kazi ya asubuhi haikupungua. Kwa wengine iliongezeka, na walituambia hivyo bila kuficha.

## Uchambuzi

Mizani na masazo vilifanya kazi kwa sababu ushahidi ulitoka kwenye hori la mtu mwenyewe, siku hiyo hiyo. Mfano wa shamba la jirani huweza kupingwa: ana udongo mzuri, ana ng'ombe wa daraja. Mabua uliyoyabeba wewe jana hayapingiki. Ningemshauri mshauri yeyote anayeanza kazi hii anunue mizani kabla ya kuchapisha karatasi.

Mpangilio wa kuanza na hifadhi ulikuwa sahihi, lakini tuliufanya kwa pupa. Mwenzetu aliyeonya kwamba sileji ni ngumu aliona mbali: tungeanza na hei ya Rhodes kwenye kaya zenye nyasi hizo, watu wangeona akiba ya kwanza bila hatari kubwa, na kushindwa kwa mifuko kusingetuondolea imani kiasi kile. Kuna kikundi kimoja ambacho baada ya mifuko kuoza kilipungua kutoka kaya 8 hadi 5, na zile 3 hazikurudi.

Ujumbe wa simu, ambao sikuutaja hapo juu kwa sababu ulikufa mapema, ulishindwa kwa njia inayofundisha. Tulituma vikumbusho vya wiki ya kukata. Simu zilikuwa za waume, nao waliusoma ujumbe wakiwa mbali na shamba. Ni lile kosa la ukumbini tena, safari hii kwa njia ya kisasa, na tulilifanya tukiwa tumeshajua.

Desmodiamu nayo ni kosa hilo hilo. Kila tulipozungumza na mwenye shamba kuhusu kazi ya mkono wa mtu mwingine, somo lilipotea njiani.

Kuhusu vipando, haki ni kusema kwamba tulileta madhara. Huduma ya ushauri inayogawa kitu cha kupandwa inabeba wajibu wa muuza mbegu, hata kama inagawa bure. Utaratibu tulioweka baada ya hapo ni kwamba kitalu mama, yaani kile kinachotoa vipando, hukatwa mara mbili na kukaguliwa kinapochipua kabla hakijatoa kipando hata kimoja, na kila anayechukua huandikwa ili afuatiliwe. Utaratibu huo unachelewesha ugawaji kwa msimu mzima, na wafugaji waliuliza kwa nini wasubiri. Tuliwapeleka kwenye kaya zile mbili waone.

Lililobaki bila jibu ni vijana wa kazi. Kufikia mwisho wa msimu, kaya kadhaa zilikuwa zimebadilisha mkataji, na aliyeondoka aliondoka na ujuzi wake. Kwingine mama alikuwa amejifunza vya kutosha kumfundisha mpya. Kwingine fimbo ilikuwa imeegeshwa ukutani na panga limerudi usawa wa ardhi. Wafanyakazi wengi huajiriwa mvua zinapoanza, kwa hiyo msimu unaofuata tumehamishia kikao cha kwanza kwenye wiki hiyo, na kitafanyika shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza kufungwa.